Sura ya Saba: Fedha Zenye Miadi

Mjomba wangu alifundisha shule ya msingi kwa miaka 34, na siku aliyostaafu alipokea kiinua mgongo chake chote kwa mkupuo mmoja, akakiacha katika akaunti ile ile aliyokuwa akipokelea mshahara, akarudi nyumbani Pangani kwa basi, na jioni ile tukamkuta barazani ametulia kama nahodha aliyekwisha kutia nanga. Hakuwa mlevi wala mcheza kamari wala mtu wa anasa; umri wake wote alivaa kanzu mbili kwa zamu, na madeni yake aliyalipa kabla ya kudaiwa. Walakini haikutimia miaka mitatu ila fedha zile zilikuwa zimekwisha, na alipoulizwa zilikokwenda hakuweza kutaja jambo moja kubwa lililozimeza. Zilikwenda kwa mtoto wa ndugu aliyekosa ada, kwa jirani aliyefiwa, kwa mabati ya msikiti, kwa harusi ya binti wa rafiki, na kwa mkopo ambao mkopaji hakuurudisha. Na kila moja ya sababu hizo, ukiipima peke yake, ilikuwa njema na ya haki.

Nimelitafakari jambo hilo kwa miaka mingi, nami nimeyakinika kwamba kosa la mjomba halikuwa israfu. Kosa lake ni kuwa fedha zile hazikupewa miadi. Zilikuwapo tu, na fedha zilizopo tu, zisizo na siku wala kazi iliyotajwa, ni mali ya yeyote anayetangulia kubisha hodi na haja yake mkononi. Muungwana akiombwa na ndugu yake, naye anacho, ulimi wake hauwezi kutamka kwamba hana, maana huo ni uongo. Wala hauwezi kutamka kwamba hatoi, maana huo ni ukatili. Basi hutoa, na kesho yake hutoa tena, hata siku moja neno lile la kwamba hana likawa kweli tupu. Laiti mjomba angalikuwa na jibu la tatu, la kusema kwamba fedha zipo lakini miadi yake haijafika, angalimjibu kila mtu kwa ukweli na kwa upole, na udugu wake usingaliingia doa. Sura hii inalieleza jibu hilo la tatu, na chombo ambacho mabenki yetu yanalo kwa ajili yake, yaani amana ya muda maalumu.

Tuanze na neno lenyewe, kwa kuwa wahenga wetu hawakulitumia ovyo. Amana ni kitu alichokabidhiwa mtu akitunze, nacho si chake, na siku ya kudaiwa akirudishe kama alivyokipokea. Ndiyo sababu mtu mwaminifu huitwa mtu wa amana, na mwenye kula amana ya mwenziwe hukosa heshima mtaani hata akiwa tajiri. Benki inapopokea fedha zako inajifunga kwa neno hilo hilo, ila kwa namna mbili zilizo mbalimbali. Katika akaunti ya akiba ya kawaida, unaweza kuzidai saa yoyote, na benki, kwa kuwa haijui ni lini utakuja, haithubutu kuzitegemea, kwa hiyo hukulipa riba haba. Katika akaunti ya muda maalumu mnapatana mambo matatu kabla ya kutia saini: kiasi cha fedha, muda ambao hutazigusa, ambao aghalabu ni miezi 3, 6, 9 au 12, na kiwango cha riba, ambacho kikishaandikwa hakibadiliki mpaka muda utimie, hata kama riba za soko zitapanda au zitashuka. Benki nayo, ikiwa na hakika ya muda huo, huweza kumkopesha mfanyabiashara au mkulima pasipo hofu ya kukuona mlangoni kesho, na kwa sababu ya hakika hiyo hukulipa zaidi. Unachouza ni subira yako, na riba ndiyo bei yake.

Huko Marekani mkataba wa namna hii huitwa hati ya amana, na umekuwa desturi ya nyumba nyingi za watu wa kati. Mwaka 1961 First National City Bank ya New York ilianza kutoa kwa makampuni hati kubwa ambazo mwenyewe aliweza kumuuzia mtu mwingine kabla ya muda wake kutimia, na tokea hapo biashara ya hati hizo ikakua haraka katika taifa lile. Lakini kiini cha jambo hakikuhitaji kuvuka bahari ili kitufikie. Zama za majahazi, tajiri wa Lamu au wa Unguja aliyemkabidhi nahodha mali yake wakati wa kusi hakuamka kila asubuhi kuidai. Alijua kwamba chombo kimekwenda Arabuni au Bara Hindi, na kwamba hakiwezi kurejea mpaka pepo za kaskazi zivume. Msimu ulikuwa kufuli, na ufunguo wake haukuwa mkononi mwa mtu. Mtu aliyekwenda kumwomba fedha mwezi wa Juni aliambiwa kwamba mali iko baharini, akaondoka bila ya kinyongo, kwa kuwa hata yeye alijua majira. Amana ya muda maalumu inaturudishia majira hayo tuliyoyapoteza tulipoanza kubeba fedha zetu zote katika simu, ambako hazina msimu wala mlango, na kidole kimoja kinatosha kuziondoa.

Sasa na tuzifanye hesabu, maana tadbiri isiyo na hesabu ni matamanio. Chukua mfano wa mtu wa Tanzania mwenye shilingi 6,000,000 anayezifunga kwa miezi 12 kwa riba ya asilimia 9 kwa mwaka. Muda ukitimia, riba yake itakuwa shilingi 540,000. Lakini hatapokea zote, kwa sababu sheria ya kodi ya mapato inaitaka benki izuie asilimia 10 ya riba hiyo na kuipeleka serikalini, nazo ni shilingi 54,000. Zitakazomfikia ni 486,000. Mwenziwe wa Kenya hukatwa asilimia 15. Kodi hiyo hukatwa katika riba peke yake, haigusi fedha alizoweka, na benki yenyewe ndiyo huikata.

Hapa wapo wengi ambao hughafilika, nami naomba msomaji atulie kidogo. Kiwango kinachotangazwa katika mabango ya benki ni cha mwaka mzima, hata kama muda uliouchagua ni miezi michache. Mtu aliyefunga shilingi 1,500,000 kwa miezi 3 kwa asilimia 9 hapati shilingi 135,000. Hupata robo yake tu, yaani 33,750, na baada ya kodi hubakiwa na 30,375. Nimewaona watu waliotoka benki na hasira wakidhani wameibiwa, ilhali hawakuibiwa. Walisoma namba na hawakusoma maneno mawili yaliyoifuata, kwa mwaka.

Ipo na hesabu ya pili, ambayo haiandikwi katika hati. Sisi husema kwamba akiba haiozi, na kwa mtama wa ghalani uliokauka vizuri methali hiyo ni ya kweli, lakini kwa fedha yafaa kuitazama tena. Mfumuko wa bei ni fukusi wa fedha: huila ndani kwa ndani, na gunia kwa nje likaonekana limejaa. Mwaka 2024 mfumuko wa bei Tanzania ulikuwa takriban asilimia 3, hivyo yule mwenye milioni 6 alihitaji shilingi 180,000 ili apate kununua mwisho wa mwaka vile vile alivyoweza kununua mwanzo wake. Ukizitoa katika zile 486,000, faida yake ya hakika ni 306,000. Lakini kumbuka Disemba ya mwaka 2011, ambapo mfumuko huo ulikaribia asilimia 20. Katika hali kama ile, fedha zile zile zilihitaji kuzaa shilingi 1,200,000 ili zisipungukiwe na nguvu, na mwenye kupata 486,000 alikuwa anapoteza ijapokuwa kitabu chake kilionyesha ongezeko. Marekani nao walilionja jambo hili: mwanzoni mwa miaka ya 1980 hati zao za amana zilifika kulipa zaidi ya asilimia 15, na watu wakafurahi, lakini bei za vitu mwaka 1980 zilikuwa zimepanda kwa zaidi ya asilimia 13, kwa hiyo sehemu kubwa ya furaha ile ilikuwa ni kujazia tundu. Kwa sababu hiyo simshauri mtu aitazame amana ya muda maalumu kuwa njia ya kutajirika. Ni njia ya kuitunza fedha isitoke bila ya idhini ya akili, na ya kumpunguzia fukusi chakula chake.

Baada ya hayo huja swali ambalo kila mtu mwenye busara hulileta: je, nikifunga fedha zangu zote, na mtoto akaugua mwezi ujao? Jawabu lina sehemu mbili. Kwanza, usizifunge zote. Kabla ya hati ya kwanza, weka kando katika akaunti ya akiba ya kawaida matumizi ya nyumba yako ya miezi mitatu, na uzihesabu kuwa maji ya mtungi: hayauzwi wala hayakopeshwi, yanakaa pale kwa ajili ya kiu. Mtu aliyefunga kila shilingi hulazimika kuivunja amana yake kwa dharura ya kwanza, na akiivunja kabla ya wakati hupoteza sehemu ya riba au riba yote, kwa kadiri ya mkataba. Wakati mwingine ni heri kuikopea kuliko kuivunja, kwa kuwa mabenki mengi huikubali hati ya amana kuwa dhamana ya mkopo. Lakini heri kuliko zote mbili ni kuwa na mtungi uliojaa.

Sehemu ya pili ya jawabu ndiyo iliyo roho ya sura hii, nayo ni kujenga ngazi. Badala ya kufunga shilingi 6,000,000 katika hati moja, zigawe mafungu manne ya 1,500,000. Mwanzo wa Januari fungu la kwanza lifunge kwa miezi 3, la pili kwa 6, la tatu kwa 9, na la nne kwa 12. Mwisho wa Machi fungu la kwanza litakuwa limeiva. Ukiwa na haja nalo, litumie. Ukiwa huna, lifunge upya, na safari hii kwa miezi 12. Mwisho wa Juni fanya hivyo kwa fungu la pili, Septemba kwa la tatu, Disemba kwa la nne. Baada ya mwaka mmoja utakuwa na hati nne zote za mwaka mzima, zenye riba ya mwaka mzima, ambayo kwa kawaida hupita ile ya miezi michache, na hata hivyo kila baada ya miezi mitatu moja huiva mkononi mwako. Umepata malipo ya mtu mwenye subira ndefu, nawe hukuwahi kungoja zaidi ya robo mwaka.

Ngazi ina fadhila nyingine, kwa kuwa hakuna ajuaye riba zitaelekea wapi. Januari 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilianza kuendesha sera yake kwa kutangaza riba ya Benki Kuu, ikaiweka asilimia 5.5, Aprili ya mwaka huo ikaipandisha hadi 6, Julai 2025 ikaishusha hadi 5.75. Riba hiyo siyo ile anayolipwa mwenye amana, lakini kupanda na kushuka kwake hufika, polepole, hata katika dirisha unalosimama wewe. Aliyefunga fedha zake zote siku moja ameicheza kamari siku ile. Aliyezifunga kwa ngazi, riba zikipanda ana fungu linaloiva karibuni la kupandia, na zikishuka ana mafungu matatu yaliyokwisha kushika kiwango cha zamani. Hapati kilele wala hapati shimo, na kwa mtu wa kipato cha kawaida kuepukana na shimo ni bora kuliko kukifukuzia kilele.

Ninakuomba, hata hivyo, usiijenge ngazi kwa kalenda ya benki. Ijenge kwa kalenda ya nyumba yako. Ada za shule huja Januari, basi fungu moja liive Disemba. Mwenye nyumba hutaka kodi ya miezi sita au ya mwaka kwa pamoja, basi lipatie tarehe yake fungu litakalolipa. Mkulima hutaka mbegu na mbolea mkononi kabla ya masika kuanguka, kwa hiyo fungu lake lisiive Aprili wakati wenziwe wanapalilia. Mwenye nia ya kuoa au kuoza, mwenye nia ya Hija, mwenye nia ya kuezeka nyumba, kila mmoja na aandike haja yake, aandike mwezi wake, kisha ndipo aende benki kuchagua muda. Wengi hutanguliza kuuliza riba, na haja huifikiria baadaye. Utaratibu huo umepinduka, kwa maana tofauti ya asilimia moja katika riba ni ndogo mbele ya hasara ya kuvunja amana kwa sababu haja imewasili kabla ya hati.

Sasa tufike penye usalama, ambapo ndipo wengi wa wazee wetu waliposimama wakakataa kuendelea. Wao hupendelea kibubu, na hoja yao si ya kudharauliwa, kwa kuwa wameona mabenki yakifungwa. Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ya Tanzania ilizifutia leseni benki ndogo tano kwa siku moja, kwa sababu mtaji wao ulikuwa umeshuka chini ya kiwango cha sheria. Kenya iliona Imperial Bank ikiwekwa chini ya usimamizi wa kisheria tarehe 13 Oktoba 2015, na Chase Bank ikifuata tarehe 7 Aprili 2016. Lakini kibubu nacho kina msiba wake. Mwaka 2019 Kenya iliziondoa noti za zamani za shilingi 1,000 na kuweka 30 Septemba kuwa siku ya mwisho ya kuzibadilisha. Siku hiyo ilipopita, noti zaidi ya milioni 7 zilikuwa hazikurejeshwa, na thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 7 ikageuka karatasi. Tanzania nayo iliwataka watu wabadilishe noti zake za matoleo ya kale kati ya tarehe 6 Januari na 5 Aprili 2025. Hakuna tangazo la serikali linalosomwa ndani ya godoro.

Ulinzi wa mwenye amana ni bima ya amana, na kila anayeweka fedha benki anapaswa kuijua kama anavyolijua jina lake. Marekani ilianza kuzikinga amana za watu wake tarehe 1 Januari 1934, baada ya maelfu ya mabenki kuanguka katika miaka ya dhiki, na kiwango cha kwanza kilikuwa dola 2,500. Leo ni dola 250,000. Tanzania ina Bodi ya Bima ya Amana, ambayo kinga yake ilikuwa shilingi 1,500,000 kwa mwenye amana katika benki moja mpaka mwaka 2023, ilipopandishwa hadi 7,500,000. Kenya kiwango kilikuwa shilingi 100,000, na tokea tarehe 1 Julai 2020 ni 500,000. Zingatia kwamba kinga huhesabiwa kwa mtu katika kila benki, wala haihesabiwi kwa kila hati. Kwa hiyo ngazi ya shilingi 6,000,000 katika benki moja ya Tanzania, pamoja na riba yake, yote imo chini ya dari la bima, ilhali mwenye milioni 20 ni heri asizirundike mahali pamoja, azigawe katika benki tatu zilizo imara. Mayai ya kuku mmoja hayahitaji vikapu vitatu. Mayai ya kuku kumi yanahitaji.

Na maadamu tumetaja usalama, sina budi kutaja tamaa. Mwaka 2009 Watanzania wengi walijikuta wamepoteza fedha zao katika DECI, mpango uliowaita watu kupanda mbegu na kuahidi mavuno ambayo hakuna benki yoyote ingeweza kuyalipa. Serikali iliusimamisha, kwani ulipokea amana za umma bila ya leseni, na waliotangulia walikuwa wakilipwa kwa fedha za waliofuata. Waliopanda mbegu zile hawakuwa wapumbavu. Walikuwemo walimu, wauguzi na waumini wa kila dini. Kinga dhidi ya balaa la namna hiyo ni maswali mawili: je, wanaopokea fedha yangu wana leseni ya Benki Kuu, na je, wanaifanyia kazi gani hata iweze kunilipa hivyo? Benki yenye leseni hujibu yote mawili. Kadhalika, mtu aliyekwisha kuizoea ngazi na anayeweza kungoja kwa miaka, na azitazame hati fungani za serikali, ambazo Tanzania huuzwa kwa mnada kuanzia shilingi 1,000,000, na muda wake hufika hata miaka 25. Na aliye na kidogo sana asijione ametupwa: Kenya, huduma ya M-Shwari iliyoanza mwaka 2012 imewafungulia watu njia ya kufunga akiba ndogo kwa simu, na vikundi vya akiba na mikopo vimeenea kila kata. Kiasi kinaweza kuwa haba. Miadi ndiyo isiyokosekana.

Ndugu zangu Waislamu, ambao pwani hii ni wengi, watakuwa wamesoma neno riba kurasa hizi zote kwa uzito moyoni, nami sitaki kuwapita kimya. Kwa aliyejiepusha na riba kwa imani yake, mlango haukufungwa. Gulf African Bank na First Community Bank zilianza kazi Kenya mwaka 2008 kwa misingi ya sharia, na mwaka 2011 Amana Bank ikafungua milango Tanzania ikiwa imelibeba neno letu lile lile la kale. Katika mkataba wa mudharaba, mwenye mali hutoa rasilmali, benki hutoa kazi, na faida hugawanywa kwa mafungu yaliyopatanwa tangu mwanzo. Pakitokea hasara pasipo uzembe wa benki, huiangukia rasilmali ya mwenye mali, na benki hupoteza jasho lake. Kwa hiyo haiwezi kukuahidi kiasi kabla ya kazi, na asiyeelewa tofauti hiyo asitie saini. Lakini muda ni ule ule, ngazi ni ile ile, na jibu la tatu ni lile lile. Mwenye mali wa mudharaba ndiye hasa mrithi wa yule tajiri aliyemkabidhi nahodha mali yake na kungoja kaskazi.

Utakapokwenda benki, basi, usione haya kuuliza, maana aibu ya kuuliza ni ya dakika moja na majuto ya kutouliza ni ya mwaka mzima. Uliza riba inalipwa kila mwezi au mwishoni. Uliza adhabu ya kuvunja, uonyeshwe ilipoandikwa. Uliza ni kitu gani kitatokea siku muda utakapotimia nawe hukutoa amri, kwa sababu benki nyingi huifunga amana upya zenyewe kwa muda ule ule na kwa riba ya siku hiyo, na mtu akaja wiki ya pili akakuta fedha zake zimeanza safari nyingine. Uliza kama kiwango kinaweza kuongezwa, maana kwa kiasi kikubwa mara nyingi hujadiliwa. Kisha rudi nyumbani uandike katika daftari jina la benki, kiasi, tarehe ya kufunga na tarehe ya kuiva, na umwambie mtu mmoja unayemwamini daftari liliko. Mali bila daftari hupotea bila habari, na upotevu huo huwa mzito zaidi pale mwenye mali anapofariki, kwani warithi hawawezi kuomba kile wasichojua kuwa kipo, na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama hukusanya kile tu alichoonyeshwa.

Mjomba wangu alifariki akiwa maskini mwenye heshima, na mazishini walikuja wengi aliowasaidia, wakalia kwa dhati. Sikumbuki hata mmoja wao aliyekuwa mwovu. Lakini mkewe, shangazi yetu kwa kumwita, ambaye alibaki na shamba dogo la minazi, alijifunza kwa macho yake. Alipouza sehemu ya shamba lile kwa ajili ya uzee wake, alizifunga fedha mafungu manne, na ndugu wanapokuja barazani na haja zao hupewa kahawa, husikilizwa mpaka mwisho, na huambiwa kwamba fungu la karibu linaiva Septemba, waje wakati huo wazungumze. Baadhi hurudi Septemba, naye huwasaidia kwa kiasi alichokikadiria. Wengi hawarudi, kwa kuwa haja yao ilikwisha kupata njia nyingine.

Nawe, msomaji wangu, kabla hujaigeuza karatasi hii, chukua kalamu uandike haja tatu zitakazokujia katika miezi kumi na miwili ijayo, na mbele ya kila moja uandike mwezi wake na kiasi chake. Kisha ukusudie, mshahara au mavuno yajayo yatakapoingia, kuipa haja ya kwanza fedha zake na fedha hizo miadi yake, kabla mtu mwingine yeyote hajabisha hodi.